Mume wangu ameigeuza matatu kuwa nyumba ya safari, nami nashindwa kukubali au kukataa

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Nakuru.

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza mitumba sokoni. Mume wangu ni dereva. Tangu kabla hatujaoana amekuwa akiendesha matatu ya Nakuru kwenda Kisumu, na hatimaye tukachukua mkopo tukanunua gari letu wenyewe, lile la abiria kumi na wanne. Mkopo tulimaliza kulipa, lakini mapema mwaka huu chama cha wenye magari kikasema limezeeka, litoke barabarani. Sasa mume wangu hupewa skwodi siku mbili tatu kwa wiki, kumshikia dereva mwingine akipumzika.

Kuna mfanyabiashara wa Molo aliyekuja kuliulizia gari. Anataka kubebea viazi na kabeji, na bei aliyotaja si mbaya. Mimi nilifikiri tumekubaliana kuliuza. Lakini mwezi wa nane nikamkuta mume wangu aking'oa viti. Nilidhani anamtayarishia yule mtu wa Molo. Kumbe anatengeneza vitanda! Fundi wa jua kali amemchomelea fremu, godoro limekatwa likatoshea, kuna rafu ya sufuria, taa za betri na mapazia. Kitinda mimba wetu mwenye miaka mitano sasa hataki kulala ndani ya nyumba, anataka kulala garini.

Mpango wake ni huu: shule zikifungwa tupande kupitia Eldoret hadi Kitale, tulale kambini Saiwa, tushuke Webuye, tulale msitu wa Kakamega, tufike kwao Vihiga kwa Krismasi, kisha Kisumu tuone ziwa, na kurudi kwa njia ya Kericho. Hakuna hoteli hata moja. Tunapika wenyewe, watoto wawili wakubwa wanalala kwenye hema la kuazima na sisi na mdogo tunalala garini. Anasema safari nzima haitazidi shilingi 35,000.

Tuna 80,000 tulizoweka katika chama chetu cha akiba, na hizo zinatoka Desemba. Kifungua mimba wetu anaingia Gredi ya 10 Januari, shule ya bweni, na unajua mwenyewe sanduku, godoro, sare na karo. Mimi naona hii safari ni mchezo wa mtu aliyekosa kazi.

Mama mkwe naye alipopata habari alinipigia mimi, hakumpigia mwanawe. Aliniuliza, "Mtakuja kulala kwenye gari kama watu waliofukuzwa?" Huwa tunalala kwa shemeji kwa sababu sisi bado hatujajenga, na kwa shemeji kuna watoto wengi lakini tunabanana. Sikujua nimjibu nini.

Binti yangu mkubwa amekataa kabisa. Anasema hawezi kuoga kwa ndoo kichakani wenzake wakiwa Mombasa. Ndugu yake wa miaka kumi na mmoja amejaza daftari ramani. Mimi mwenyewe naogopa wezi, naogopa malaria, naogopa breki za gari ambalo wenye magari wenzake walilikataa. Na bado, nitasema ukweli, nimezaliwa Nakuru na kukulia Nakuru, watu wanatoka ng'ambo kuja kuona mbuga yetu, na mimi niliingia tu na shule nikiwa mdogo. Ziwa Victoria sijawahi kuliona.

Nikikataa, naogopa kumvunja moyo, maana hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho kimemfanya apige mluzi tangu gari litoke barabarani. Nikikubali, najiona Januari nikizunguka kwa jirani nikikopa karo. Nisaidie.

Mama Watatu, Nakuru

*

Mama Watatu, asante kwa kuniandikia kwa urefu. Umeuliza kuhusu safari, lakini naona mambo manne yamefungwa pamoja: safari yenyewe, gari ambalo kwako ni mtaji na kwake ni nyumba, karo ya Januari, na heshima yenu kule Vihiga. Kila moja lina jibu lake. Mkijaribu kuyajibu yote kwa kukubali au kukataa mara moja, mtagombana kuhusu godoro na ugomvi wenyewe uko kwingine.

Niruhusu nianze na sentensi uliyoipita haraka. Umesema mnalala kwa shemeji kwa sababu bado hamjajenga, ukaendelea na mengine. Wewe na mimi tunajua uzito wa maneno hayo. Kwa Waluhya, kama kwa Wajaluo, mwanamume aliyeoa halali katika nyumba ya wazazi wake, wala mke wake halali chini ya paa moja na baba mkwe. Hutarajiwa kuwa na nyumba yake ndani ya boma, hata iwe ya udongo na mabati machache. Asiyekuwa nayo huonekana mgeni kwao. Kila Desemba huulizwa atajenga lini, mbele ya ndugu zake wadogo waliokwisha jenga, kisha usiku hutafutiwa pa kulala na mke wake na watoto wake. Sasa mtazame mume wako tena. Amepoteza kazi iliyompa jina, na mwaka huo huo anatengeneza kitu chenye vitanda, taa na mapazia ambacho kinaweza kuingia bomani kwao kwa magurudumu yake. Huenda nimekosea. Lakini kabla hujamwambia ni mchezo, ningependa umuulize, mkiwa wawili tu na bila haraka, anajiona vipi akifika nyumbani Krismasi hii. Muulize hilo, kisha unyamaze umsikilize.

Na kuna jambo la pili, ambalo wewe kama mke wa dereva unalijua kuliko mimi. Desemba ni msimu wa mavuno kwa matatu. Nauli hupanda, stendi hujaa, na dereva hulala saa chache kisha anarudi barabarani. Miaka yote mume wako amekuwa akizipeleka familia za watu wengine makwao. Hii ndiyo Desemba yake ya kwanza bila abiria wa kulipa katika gari lake mwenyewe. Mimi sioni ajabu kwamba amewaza kuwapakia watu wake.

Lakini kumwelewa mtu si kumkabidhi pesa zote, kwa hivyo tuhesabu. Ukifuata njia aliyoitaja, Nakuru, Eldoret, Kitale, Webuye, Kakamega, Vihiga, Kisumu, Kericho na kurudi, ni kama kilomita 600, pamoja na vijia vya kuingia kambini. Gari zee la aina hiyo likitembea kilomita 9 au 10 kwa lita, mnahitaji lita 60 hadi 70. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo bei ya Desemba mtaijua kabla ya kung'oa nanga, na hesabu hiyo mwachieni yule kijana wa ramani aifanye. Mafuta hayawezi kuwashangaza. Ada za Shirika la Wanyamapori pia hazifichwi: hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kuna kiingilio cha kila mtu na ada ya kambi ya kila usiku, na watoto hulipa kidogo kuliko watu wazima. Ziangalieni sasa, kwa sababu zikizidishwa kwa watu watano na usiku kadhaa ndizo zitakazoamua mlale Saiwa usiku mmoja au mitatu. Chakula mngekula hata mkibaki Nakuru.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni pesa ambazo hazimo katika zile 35,000. Mtu akifika mashambani na gari lake, hakuna anayeuliza kama limetolewa barabarani. Mtaombwa kumpeleka mgonjwa hospitali Mbale, kumchukua shangazi stendi, kubeba viti vya harusi, kuchangia matanga. Yote ni mema na yote yanakula dizeli. Na gari zee likiharibikia njiani, fundi wa mahali pasipo kwenu ndiye anayepanga bei. Je, katika bajeti yake kuna fungu la mambo haya, na limeandikwa kiasi gani? Kama halipo, hofu yako ya Januari ina msingi. Wapo wanaolipa karo na kununua sanduku siku ile ile chama kinapotoa mgao, kisha wanasafiri kwa kinachobaki, hata kikiwa kidogo kiasi cha kufupisha njia. Njia hiyo hulinda karo, ila inaweza kumfanya ajione amewekewa mipaka kama mtoto ikiwa utaifanya peke yako. Nendeni pamoja mkalipe. Kuna uzito katika baba kushika risiti ya karo mkononi kabla ya kuwasha gari.

Kuhusu kuliuza, sina haraka kama wewe. Hoja yako ni nzuri: gari lililoegeshwa hupoteza thamani kila mwezi, na mtaji ungeweza kuongeza mzigo wako sokoni. Ila ukilisukuma liuzwe sasa, baada ya yeye kuchomelea vitanda kwa mikono yake, huenda mkapata bei ya Molo na ukapoteza kitu kingine ambacho hakirudi kwa urahisi. Na ukikaa kimya mwaka mzima kwa kumhurumia, gari litaozea uani huku ukimlaumu moyoni. Wewe unasema mlikubaliana kuuza. Je, mlikubaliana kwa maneno, au wewe ulisema naye akanyamaza? Madereva wengi hunyamaza hivyo, na huwa si kukubali.

Sasa nije kwenye hofu ya usalama, ambayo siichukulii kwa wepesi hata kidogo. Ulipoandika kwamba viti vimeng'olewa, moyo wangu uliruka. Kitanda ni cha gari lililosimama. Likiwa linatembea, kila mmoja wenu, na hasa yule wa miaka mitano, anahitaji kiti kilichofungwa sakafuni kwa bolti na mkanda unaofunga. Viti vya safu moja vinaweza kurudishwa na kitanda kikawa cha kukunja. Hili ningelidai kabla ya mazungumzo mengine yoyote, na sidhani dereva wa miaka mingi atabisha. Bima nayo: ile ya gari la abiria haifai tena kwa gari la familia, na kubadili matumizi ya gari husajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Waambieni watu wa bima ukweli kuhusu vitanda, maana ukweli uliofichwa hutokea siku ya ajali.

Breki ni lazima zikaguliwe na fundi ambaye si rafiki yake. Njia ya kurudi aliyoichagua inateremka kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan na Salgaa, na mtaishuka siku ya mwisho, mmechoka na mmebeba mizigo. Anaujua mteremko huo kuliko sisi. Anakumbuka malori yaliyokatika breki pale kabla ya kujengwa ukuta wa kutenganisha njia. Anakumbuka pia Juni 2023, lori lilipowaua watu zaidi ya 50 kwenye makutano ya Londiani, wengi wao wakiwa kando ya barabara kwa shughuli zao. Kwa sababu hiyo nawasihi msipike wala kulala kando ya barabara kuu, hata pakionekana pazuri. Kambi ya mbuga, uwanja wa kanisa mlikoomba ruhusa, au kituo cha mafuta chenye mlinzi, hapo ni sawa. Na safari iwe ya mchana. Ukungu wa Timboroa si wa kuchezea na watoto.

Jiko la makaa lisiingie garini, hata likionekana limezimika, hata mvua ikinyesha na mdogo akilia baridi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini katika chumba kilichofungwa, na gari ni chumba kidogo kuliko vyote. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha, mpike nje, na mkitembea ufungwe umesimama na valvu imezibwa.

Malaria nayo ni hofu ya kweli. Watoto waliokulia Nakuru hawana kinga waliyonayo binamu zao wa Vihiga, na ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini. Chandarua chenye dawa kitundikwe garini na kwenye hema kuanzia Kakamega hadi mtakapoondoka Kisumu. Muulizeni daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya kwenda. Mtoto akipata homa wiki mbili tatu baada ya kurudi, usingoje, mpeleke apimwe na useme mlikuwa wapi. Ziwani msiwaache waoge wala kukanyaga maji ya ufuoni, kwa sababu ya kichocho, na msitembee ufuoni usiku, maana ndio saa ambayo kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi.

Nimeandika hofu nyingi, na nisingependa zikuzibe macho usione alichokuchagulia. Saiwa ni hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kama kilomita tatu tu za mraba, na haipitwi kwa gari. Mnatembea kwa miguu, mnapanda vilingo vya mbao, mnangoja nzohe, swala wa kinamasi, atoke kwenye matete. Si lazima uwe na gari la watalii. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki cha ule msitu mkubwa wa mvua ulioenea kutoka Kongo, na asubuhi utawasikia mbega kabla hujawaona. Mtu aliyepanga njia hii, na si ile ya hoteli na mabwawa ya kuogelea, amewaza kuhusu mfuko wenu. Mpe sifa hiyo hata kama mwisho utasema safari ni ndefu mno.

Na inaweza kuwa ndefu mno. Mnaweza kwenda yote. Mnaweza kwenda Kakamega na Vihiga tu na kuacha Kitale mwaka mwingine. Mnaweza kwanza kulala usiku mmoja Hell's Gate, hapo Naivasha, mahali mnaporuhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli na ambako mkishindwa mko karibu na kwenu. Au mbuga ya Ziwa Nakuru yenyewe, ile uliyoingia ukiwa mtoto, ina kambi ndani yake. Usiku mmoja wa majaribio utawaonyesha nani hawezi kulala na ni nini mmesahau. Hatari yake ni kwamba mvua ikinyesha usiku huo huo mmoja, mnaweza kuvunjika moyo kwa jambo ambalo lingezoeleka usiku wa tatu.

Mama mkwe alikupigia wewe, na swali alilouliza ni la mwanawe. Usilibebe. Mume wako ndiye anayepaswa kumwendea mama yake, na kama baba au wazee wa ukoo wapo, awaulize mapema: gari likiegeshwa bomani, liegeshwe upande gani, na wao wanalionaje? Kuna wazee watakaosema ni aibu, na kuna watakaosema heri mtoto aliyekuja na malazi yake kuliko asiyekuja. Akiuliza kabla ya kufika, amewapa heshima yao. Akifika tu na kuegesha, hata mapazia mazuri hayatamsaidia. Naye anaweza kutumia nafasi hiyo hiyo kusema lini anatarajia kuweka msingi, ikiwa yuko tayari kulisema. Hilo msilazimishe kwa ajili ya safari.

Binti yako simlaumu. Ana miaka ambayo faragha ni kitu kikubwa, na anakaribia kwenda bweni. Nyuma ya neno ndoo kuna mambo ya hedhi, ya kubadilisha nguo, ya picha ambazo ndugu yake anaweza kupiga. Kaa naye ujue ni lipi hasa. Kambi nyingi za mbuga zina vyoo, baadhi zina bafu, na turubai lenye fremu la kuogea si gharama kubwa kwa fundi aliyekwisha tengeneza vitanda. Bado anaweza kukataa. Kama ana shangazi wa kukaa naye Nakuru, hilo nalo liwe mezani, ingawa huenda baba yake akaumia kwa sababu hii ndiyo likizo ya mwisho kabla hajaenda.

Mwishowe nikuulize wewe. Umeniandikia hofu ya kila mtu, na katikati yake ukaniambia kwamba ziwa hujawahi kuliona. Je, mume wako anajua hilo? Inawezekana kabisa kwamba Kisumu imo katika njia hiyo kwa sababu yako. Inawezekana pia kwamba hajui, na akijua, atakuwa tayari kupunguza Kitale ili mfike huko na karo ibaki salama. Mwambie kabla ya mgao wa chama kutoka. Yule mtu wa Molo naye anaweza kuombwa asubiri hadi katikati ya Januari, na akikataa, mtakuwa mmejua mapema kwamba uamuzi wa gari hauwezi kungoja safari.